Umeme wa kisiwa cha Eigg

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba kisiwa cha Eigg, huko Scotland, hakina waya wa umeme kutoka bara, bali kinajitegemea kwa upepo na jua. Je, usiku usiokuwa na upepo wanafanyaje? Na kwa nini wasitumie jua peke yake?
Msomaji, Kilindoni, Mafia

JIBU: Habari uliyoisikia ni ya kweli, ila imemwacha mshirika mkubwa kuliko wote, yaani maji ya mito. Umeme wa Eigg, uliowashwa tarehe 1 Februari 2008, unatoka kwenye mitambo mitatu ya maji, mmoja wao ukiwa wa kilowati 100, mitambo minne ya upepo ya kilowati 6 kila mmoja, na paneli za sola zilizoanza na kilowati 10 kabla ya kuongezwa.

Jua peke yake lisingetosha, kwa kuwa mwezi Desemba mchana wa huko ni wa saa zipatazo saba tu, na hicho ndicho kipindi ambacho pepo na mvua za Atlantiki huvuma na kunyesha kwa nguvu. Kiangazi kikifika na mito ikapungua, jua hushika zamu. Kwenu Mafia, ambako mchana wa Desemba na wa Juni karibu unalingana, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Usiku ukitulia, betri hubeba mzigo, na zikishuka mno jenereta za dizeli huwashwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, siri ya Eigg haimo katika mitambo, bali katika kipimo ambacho wakazi wake, wapatao mia moja, walikubaliana: nyumba haivuki kilowati 5 kwa wakati mmoja, na biashara haivuki 10. Birika la umeme hula kilowati 2 hadi 3, na mashine ya kufulia inapopasha maji hula karibu 2. Mwenye nyumba akiongeza jiko, swichi hujikata, naye hulazimika kumwita fundi aje kuirudisha. Kwa hiyo humo ndani kuna kifaa kidogo kinachoonyesha matumizi ya dakika hiyo, na watu hukitazama kwanza kabla ya kubandika chai.

Umeme ukizidi mahitaji, haumwagwi: huelekezwa kwenye hita za majengo ya jumuiya, ukiwemo ukumbi wa kisiwa.