Mwanangu, usichague kati ya dizeli na umeme

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona, unauliza kama kuna haja ya kwenda VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, wakati tayari uko gereji na fundi wako anakuamini mpaka anakuachia ovahoo, kufungua injini nzima na kuirudisha, na kama ukienda usome dizeli au umeme wa magari. Sikujibu pale pale kwa sababu dukani kulikuwa na watu na hili sio jambo la kujibu kwa voisi noti.

Nenda. Kozi yako iwe dizeli, ila umeme usiukimbie, maana kwenye lori la siku hizi hivyo vitu viwili havitengani tena.

Mi sio fundi, unajua, ila kaunta ya spea hapa Mbeya inanionyesha mafundi kila siku, malori ya Zambia na Kongo yote yanapita hapa. Zamani fundi alikuja anataka ringi, gasketi ya silinda hedi, nozeli, basi. Injini kama 1HZ ya Land Cruiser, ile ya silinda sita lita 4.2, pampu yake inagawa mafuta yenyewe kimakanika, ikishawaka umeme inaohitaji ni ule wa kushikilia swichi ya mafuta tu isizime. Sasa hivi watu wanakuja na injekta za komoni reli, yaani bomba moja la mafuta yenye presha linalolisha injekta zote, huko ndani presha inapita bar 1600, na anayeamua injekta ifunguke lini na ifunge lini ni kontroboksi, kompyuta ya injini, inasoma sensa ya krenki, sensa ya joto, sensa ya presha ya reli, afu ndio inapeleka umeme. Na sio kitu cha jana, lori la Hino lilishakuwa na mfumo huu mwaka 1995, ni vile kwetu magari yanafika kwa kuchelewa. Kwa hiyo ukiona moshi mweusi inaweza kuwa nozeli imechoka, inaweza kuwa paipu ya turbo inavujisha upepo, inaweza kuwa sensa inaidanganya kontroboksi kuhusu hewa inayoingia, na sikio peke yake halikuambii ni ipi kati ya hizo.

Kinachoniuma ni hela za watu. Kuna lori lilikuwa linakosa nguvu kwenye mlima, fundi akaja kununua sensa ya presha, haikusaidia, akarudi kuulizia injekta, akafunga, bado, mara anataka pampu, mwenye gari amekaa nje kwenye benchi anapiga simu za kukopa. Akaja kijana aliyetoka chuo, hakununua sensa wala nini, alitaka waya mnene na kichwa cha kubana. Nikamuuliza. Akasema gari likiwa linaunguruma alishika mita ya umeme akapima kutoka hasi ya betri mpaka kwenye ethi ya kontroboksi, yaani waya wake wa kurudisha umeme, pale unatakiwa uone karibu na sifuri, yeye akakuta zaidi ya volti moja inapotea njiani, waya wa ethi umeoza ndani ya plastiki. Lori likaondoka. Spea zote zile hazikuwa na kazi!

Hicho ndicho nataka ukakifuate chuoni mwanangu, kupima kabla ya kufungua, na kusoma mchoro wa waya. Kwa mfano zile nyaya mbili zilizosokotwa ambazo kontroboksi zinaongea kwazo, ukizima gari ukatoa betri ukapima kati yake unategemea omu 60 hivi, kwa sababu kila mwisho kuna rezista ya 120. Ukikuta 120 ujue upande mmoja umekatika. Fundi wako ana mikono mizuri sana na mimi namheshimu, ila hilo hajawahi kuonyeshwa na mtu.

Na nikiwa mama yako naomba hili usilifanyie mzaha, mafuta yakivuja kwenye reli usitafute tundu kwa kidole, presha ile inapenya ngozi na ni upasuaji, tumia kipande cha boksi. Na kabla ya kuchomelea chesisi toa nyaya za betri, kontroboksi zinaungua kirahisi.

Kabla hujalipia chuo chochote omba kuona karakana. Uliza kama wana injini ya komoni reli inayowaka na mashine ya kusoma kodi za hitilafu kutoka kwenye kontroboksi, au ni injini ya zamani tu imepigwa rangi imewekwa kwenye stendi. Uliza field, mafunzo ya vitendo kazini, wanapeleka wapi. Cheti kina hatua ya kwanza mpaka ya tatu, usiishie ya kwanza ukakimbilia hela, gereji itakusubiri, na likizo si unarudi hapo hapo.

Halafu mwambie fundi wako kwamba VETA wanarasimisha ujuzi, yaani aliyejifunzia mtaani anapimwa anapewa cheti chake. Anastahili kabisa yule mzee. Mwambie pia kwamba unaondoka, umwambie wewe mwenyewe asije kusikia kwa vijana wengine.

Kozi ndefu huwa zinaanza Januari. Ada naanza kuitenga, mita nakununulia mimi, ile nzuri. Nitumie jina la chuo ukishakiona kwa macho.

Mama yako