Diski ya Mac kwenye Windows: usikubali kufomati
Ndugu yangu usibonyeze kufomati kabisa, maana itafuta picha zote! Umesema diski ya picha za harusi imetoka kwa mpiga picha anayetumia Mac na laptopu yako ya Windows inataka uifomati kwanza, sasa hiyo diski haijafa, Windows haijui tu kusoma mpangilio wa Mac, yaani HFS+ au APFS. Bonyeza kansel, itoe kwa utaratibu, mwombe mwenye Mac akuhamishie picha kwenye diski nyingine iliyofomatiwa kwa mpangilio wa exFAT, hiyo inasoma na kuandika kote kuwili. Mpangilio wa zamani wa FAT32 achana nao, video ikizidi GB 4 haiingii. Ukikosa Mac na diski ni HFS+, programu ya Windows iitwayo HFSExplorer ni ya bure na inasoma tu haiandiki kitu, ndo maana naiamini, ila APFS haiwezi.