Kabla hujaagiza moduli, inua kapeti

Jumanne asubuhi nimeingia gereji nikamkuta kijana wangu wa miezi minne amechoma ncha ya testa kwenye waya wa CAN, ule ambao kompyuta za gari huongea kupitia kwake, nyuma ya kiti cha dereva. Akachoma wa pili, akachoma wa tatu. Gari lenyewe ni la paa la kukunja, limeletwa kwa sababu paa linafunguka siku likitaka. Nilipomuuliza anatafuta nini, akanijibu, "Natafuta moto, bosi," yaani umeme.

Nilimwambia aweke testa chini twende tukanywe chai. Sikumgombeza, maana yeye ni wa sita kumwona akifanya vile kwa macho yangu, na wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe. Lakini nimechoka kueleza jambo moja kila masika, kwa hiyo naliandika. Wanangu mnaoingia kwenye umeme wa magari haya, someni mpaka mwisho, hata mnaojua kupiga kompyuta kuliko mimi.

1. Testa ya balbu haiendi kwenye waya wa mawasiliano. Balbu ile inavuta mkondo ambao saketi za moduli, zile kompyuta ndogo za gari, hazikujengwa kuutoa. Tumia mita, na uingie kwa nyuma ya plagi, kando ya pini, kwa sindano nyembamba ya kupimia, bila kutoboa ganda. Huku pwani hewa ina chumvi. Tundu la leo, kabla mwaka haujaisha, ni shaba ya kijani iliyoliwa ndani kwa ndani huku ganda likionekana zima. Wala usisukume ncha nene ya mita kwenye pini jike. Unaitanua, haimkamati tena dume lake, na hapo umempa mwenye gari ugonjwa ambao hakuja nao.

2. Anza na betri, kila mara, hata kama mwenye gari ameapa kwamba ni mpya. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 hivi; ukiona 12.2 imebaki na nusu. Kisha pima tena huku paa linasonga, kwa sababu pampu ya paa ni mlaji mkubwa. Volti zikishuka mno, moduli zinaanza kulalamikiana na kuandika kodi, yaani namba za hitilafu, za kupoteza mawasiliano. Ukikuta kodi kumi na tano kwenye moduli tano, usiamini kwamba moduli tano zimekufa pamoja. Andika kodi zote kwenye daftari, zifute, chaji betri usiku kucha, halafu usome zilizorudi. Na kumbuka Mercedes SL za R230 za mwanzo zina betri mbili. Nimeona fundi mzima akibadilisha moja na kuhangaika wiki nzima.

3. Muulize mwenye gari, halafu unyamaze usikie.

Hapa nitakaa, kwa sababu somo hili nililinunua kwa bei kubwa.

Alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu. Alikuwa na gari la Kijerumani la viti viwili, paa la turubai, alilolinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Alikuwa amelitamani tangu ujana na hakuona sababu ya kumwomba mtu ruhusa. Jumapili jioni alikuwa akifungua paa, anaendesha polepole hadi Nyali, anarudi. Akaniambia, "Mwanangu, paa linakataa nikiwa nyumbani. Nikifika mjini linafunguka vizuri."

Nikamjibu kwamba gari halijui nyumbani wala mjini.

Ninayakumbuka maneno yale neno kwa neno. Mama alikuwa amenipa jibu lote kwa sentensi mbili, nami nilikuwa nimeshachomeka kompyuta. Kompyuta ikasema hitilafu kwenye saketi ya mota ya pampu. Nikapima moto unaotoka kwenye moduli ya paa, nikatoboa nyaya mbili kwa testa ili kuufuata, nikaona moto unakuja na kukata. Nikaamua moduli imekufa. Niliagiza ya mtumba kutoka Uingereza, ikachukua wiki tatu, nikaiweka, nikaiprogramu, paa likafunguka na kufungwa mara kumi pale gereji. Nikamwita mama akaja, akafurahi, akalipa.

Siku ya nne akarudi. Pale gereji paa likafanya kazi. Nikasafisha plagi, nikamrudishia gari. Akarudi tena. Pale gereji paa likafanya kazi tena. Kwa kweli nilianza kumshuku yeye, kwamba haondoi kizuizi cha mizigo kwenye buti au anabonyeza swichi vibaya, na nilimweleza jinsi ya kubonyeza swichi kana kwamba nafundisha mtoto. Mwalimu wa miaka thelathini na kitu alinisikiliza mpaka mwisho.

Mara ya tatu paa lilikwama katikati, nyumbani kwake, mwezi wa Mei, saa moja usiku. Mvua ikashuka. Alinipigia simu mara nne. Nilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu, nikaona jina lake, nikaiweka simu mfukoni. Yeye na askari wake wa geti walitandaza karatasi za nailoni na kitambaa cha meza juu ya gari, wakaliwekea mawe pembeni, lakini viti vililowa, kapeti ikalowa, na maji yakafika kwenye swichi za mlango.

Asubuhi hakunigombeza. Aliuliza tu kama kuna mtu mwingine ninayeweza kumwomba ushauri. Nikaenda Makupa kwa mzee aliyenifunza kazi, Mungu amrehemu. Mzee hakuuliza kodi. Aliuliza, "Linalala wapi?" Sikujua. Nilikuwa nimekaa na gari lile karibu miezi miwili na sikujua linalala wapi.

Tukaenda. Njia ya kuingia kwake ina mwinuko, na gari lilikuwa limeegeshwa pua juu, matako chini, chini ya mwarobaini mkubwa. Mzee alikaa kimya akiutazama ule mti. Akapeleka mkono nyuma kushoto, chini kabisa ya pango paa linapokunjwa, akavuta sponji iliyofunika mota ya pampu. Akaikamua mbele yangu. Yale maji nikiyakumbuka mpaka leo uso unanipata moto.

Bomba la kutolea maji lilikuwa limezibwa na vijani vya mwarobaini vilivyooza vikawa kama ugali mweusi. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye pango na hayana pa kutokea. Gari likiwa kwenye mwinuko, maji yote yanakusanyika nyuma, na plagi ya mota inazama. Likishuka mjini kwenye lami tambarare, maji yanatawanyika, plagi inachomoza, paa linafunguka. Gari lilijua nyumbani na mjini. Mama alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na moduli yake ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote.

Matengenezo yalichukua asubuhi moja: kuzibua bomba kwa mrija laini wa plastiki, kukausha mota, kubadilisha pini mbili zilizoliwa, kukausha kapeti. Pesa ya moduli nilimrudishia kwa awamu sita. Alizipokea zote, na kila awamu aliandika risiti.

Haikuishia hapo. Baada ya miezi minane gari likarudi, paa linakata tena. Mara hii bomba lilikuwa safi na sponji kavu. Tukafuata waya sentimita kwa sentimita, tukakuta ganda limevimba kidogo mahali pawili. Tukalipasua: ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Yalikuwa ni yale matundu yangu mawili ya testa. Ndiyo maana Jumanne nilipomwona kijana na testa yake, chai haikupita vizuri.

Kwa hiyo muulize mwenye gari: linalala wapi, pua inatazama wapi, chini ya mti gani, limeoshwa lini, hukataa saa ngapi, buti ikiwa imejaa au tupu, jua kali au baridi ya alfajiri. Andika maneno yake mwenyewe, usiyatafsiri kuwa ya kifundi. Halafu tengeneza hali ile ile. Kama ni mvua, chukua mpira wa maji. Kama ni joto, chukua kikausha nywele na upashe sehemu moja moja. Kama ni mwinuko, panda nalo mwinuko.

4. Gari la paa la kukunja lina nyaya zinazojikunja kuliko gari lolote. Tazama bawaba za buti kwanza. Kwenye yale ya paa gumu, kama BMW E93 au Volkswagen Eos, kifuniko cha buti kinafunguka pande mbili: upande mmoja kwa mizigo, upande wa pili kumeza paa. Waya pale unapinda na kunyooka miaka yote, nyuzi zinakatika moja moja ndani ya ganda zima. Kanuni hapa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, lakini gari la miaka 7 limeshakunja paa mara nyingi kabla halijaona bandari ya Kilindini, na sasa wengi wenu mnayashika yakiwa na miaka 15.

Na mita inadanganya hapa. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utakusomea karibu sifuri omu, utasema mzima. Uupe kazi: funga balbu ya wati 21 mwishoni mwake, ambayo itavuta ampea 1.75 hivi, kisha ukunje waya huku unaitazama balbu. Ikififia, umeupata. Ukiunga mahali panapojikunja, usitumie risasi ya kulehemu, kwa sababu waya unakuwa mgumu na utakatika pembeni tu mwa kiungo. Ingiza kipande kipya cha waya laini, viungo vikae mbali na bawaba.

5. Athi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Pima kuporomoka kwa volti, usipime omu: mita kati ya athi ya moduli na nguzo hasi ya betri, huku mzigo unafanya kazi. Ikizidi volti 0.1, fungua boliti, kwangua rangi na kutu, funga.

6. Kwenye CAN ya kasi kubwa, zima gari, chomoa betri, pima omu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD, pale unapochomeka kompyuta ya kupimia. Ukipata 60, vizuizi vyote viwili vya omu 120 viko kazini. Ukipata 120, kimoja kimepotea au waya umekatika. Karibu na sifuri, ni shoti. Mitandao ya kasi ndogo ya bodi haifuati hesabu hii, na si kila gari lina CAN yake kwenye pini hizo, kwa hiyo soma mchoro wa gari lenyewe. Na ukiunga nyaya hizi mbili, zisokote tena kama ulivyozikuta.

7. Betri inayokufa usiku: funga komeo la buti kwa bisibisi ili gari lijue limefungwa, kaa mbali nalo na funguo, subiri nusu saa moduli zilale, ndipo usome. Zaidi ya miliampea 50, kuna kitu kiko macho. Kwenye magari haya mara nyingi ni swichi ndogo ya paa au ya buti inayodhani kazi haijaisha. Vijana hawawezi kusubiri nusu saa. Wanasoma baada ya dakika tano, wanaona ampea mbili, wanaanza kuchomoa fyuzi, na kila fyuzi wanayorudisha inaziamsha moduli upya.

8. Usiingize kichwa wala mkono kwenye njia ya paa likiwa na moto. Magari mengine yana nguzo za kukinga vichwa zilizofichwa nyuma ya viti, ambazo huchomoza ghafla zikihisi gari linapinduka. Waya za manjano ni za mifuko ya hewa, mita yako haina kazi pale. Nayasema haya mwisho kwa sababu nataka uyakumbuke ukifunga ukurasa.

Tuliporudi kutoka kwenye chai, kijana aliniomba namba ya mwenye gari la Jumanne. Nilimsikia akiuliza, kwa adabu, linalala wapi. Kumbe linalala Tudor, kwenye banda lenye paa, halijanyeshewa tangu mwaka jana, na linakataa siku za Jumamosi tu, akitoka sokoni. Buti imejaa. Kijana ameandika hayo yote kwenye daftari, na chini yake ameandika "bawaba?" kwa kalamu nyekundu. Matundu yake matatu tumeyakata na kuunganisha upya. Kesho saa mbili asubuhi tunapakia magunia mawili ya mchanga kwenye buti, naye atashika balbu.