Cowra kwa siku mbili: inatosha?

Ndugu, umeuliza kama siku mbili za Septemba zinatosha kuiona Cowra, mji mdogo wa Australia, ukitokea Sydney na gari la kukodi. Zinatosha, ila ondoka alfajiri: ni zaidi ya kilomita 300, mwendo wa saa nne hivi kupitia milima ya Blue Mountains. Huko huendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo hilo lisikutishe. Cha kutisha ni kangaruu. Jioni hujitokeza barabarani ghafla, basi jua likikaribia kuzama uwe umeshafika.

Usiikose Bustani ya Kijapani, wala mabaki ya kambi ya wafungwa wa vita. Agosti 5, 1944, mamia ya wafungwa wa Kijapani walitoroka kambi ile. Zaidi ya 230 walikufa, pamoja na askari wanne wa Australia. Makaburi ya Wajapani yapo hapohapo mjini, yanatunzwa vizuri. Tembelea kambi kwanza, bustani baadaye, utaielewa zaidi.

Septemba kanola, zao la mbegu za mafuta, huwa imechanua, mashamba ni manjano tupu. Piga picha ukiwa nje ya uzio, ni mali ya mtu. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo jaza mafuta Jumamosi.