Je, kulibusu gombo la Torati ni kuabudu sanamu?

SWALI

Mwalimu, shalom na heshima zangu kwako. Nimelelewa katika kanisa lisilo na picha wala sanamu hata moja, na kwa muda sasa ninajifunza imani ya Kiyahudi kwa nia ya kuingia humo. Nilipohudhuria ibada ya Sabato katika sinagogi la Nairobi, niliona jambo lililonisumbua. Gombo la Torati lilitolewa katika kabati lake likiwa limevikwa mahameli na taji la fedha, watu wote wakasimama, nalo lilipopitishwa kati yao walinyoosha pindo za shali zao za sala, wakaligusa, kisha wakazibusu pindo hizo. Wakati wa kutoka waligusa mezuza, yaani kijaluba chenye maandiko ya Torati, iliyo mlangoni na kubusu vidole. Haya yanatofautianaje na ibada ya sanamu ambayo Torati yenyewe inaikataza? Tena, mwanangu huugua mara kwa mara, na rafiki ameniambia kwamba nikiweka mezuza juu ya kitanda chake atapona. Nifanye hivyo?

JIBU

Ndugu muulizaji, amani iwe nawe, na Mwenyezi Mungu amjalie mwanao afya. Nitatanguliza hukumu kabla ya sababu zake. Kulisimamia gombo la Torati, kulivika na kulibusu si ibada ya sanamu. Ni desturi ya heshima iliyokubaliwa katika jumuiya za Kiyahudi tangu zamani. Kuweka mezuza kitandani kwa mgonjwa ili imponye ni jambo jingine, nalo halifai. Hukumu hizi mbili zinatoka katika chanzo kimoja, na ukikielewa utaona kwa nini mikono ileile inaweza kutenda jambo jema kwa kitu kitakatifu na kutenda kosa kubwa kwa kitu hichohicho.

Kwanza, sitaki uone haya kwa kuwa ulisumbuka. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu zilizopokewa kwa mdomo, katika sehemu ya Sanhedrini, inayataja matendo ambayo mtu huhukumiwa kwayo kuwa ameabudu sanamu: kuichinjia, kuifukizia uvumba, kuimiminia sadaka ya kinywaji, kuisujudia, na kuiambia kwamba wewe ndiwe mungu wangu. Kisha inaongeza matendo mengine ambayo hayana adhabu hiyo lakini yamekatazwa vilevile: kuikumbatia sanamu, kuibusu, kufagia mbele yake, kuiosha, kuipaka mafuta, kuivika nguo. Umeona basi kwamba busu na vazi, yaani mambo mawili uliyoyashuhudia wewe, yametajwa waziwazi. Kama kipimo kingekuwa tendo la nje peke yake, tungekuwa na hatia kila Sabato. Kwa hiyo inatupasa kuuliza maswali mawili yanayofika ndani zaidi: tendo hili linamkusudia nani, na mtendaji anatafuta nini kutoka katika kitu alichokishika?

Rabi Moshe ben Maimon, ajulikanaye kama Rambam, aliyezaliwa Córdoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, anaanza sheria zake za ibada ya sanamu kwa kueleza upotovu huo ulivyoingia duniani. Hasemi kwamba watu waliamka siku moja wakaamini kuwa mti au jiwe limeumba mbingu. Anasema kwamba katika siku za Enoshi, mjukuu wa Adamu, watu walimjua Mungu mmoja, wakawaza kwamba kwa kuwa ameziweka nyota juu na kuzipa utukufu, bila shaka anapenda zitukuzwe, kama mfalme apendavyo watumishi wake waheshimiwe. Wakazijengea mahekalu na kuzitolea sadaka, wakidhani wanafanya mapenzi yake. Baadaye wakaja manabii wa uongo waliodai kwamba wameagizwa kuchonga umbo la nyota fulani, wakawaahidi watu kwamba umbo hilo huleta faida na kuzuia madhara. Vizazi vikapita, hata ukafika wakati ambapo umati haukujua tena chochote zaidi ya mbao, mawe na majengo waliyozoeshwa kuyasujudia tangu utotoni, na Jina la Mungu likasahaulika isipokuwa kwa watu wachache, mpaka akazaliwa Ibrahimu. Mimi hulisoma simulizi hili kwa hofu kila mara, kwa sababu hatua yake ya kwanza ilichukuliwa na watu waliodhani wanamheshimu Mungu.

Kisa kinacholijibu swali lako kwa ukamilifu zaidi ni kile cha nyoka wa shaba. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 21, wana wa Israeli waliumwa na nyoka jangwani, na Mungu mwenyewe akamwamuru Musa atengeneze nyoka na kumweka juu ya mti, ili kila aliyeumwa amtazame na kuishi. Zingatia kwamba kitu hiki hakikubuniwa na wapagani. Kiliagizwa na Mungu, kikatengenezwa na mkono wa Musa, na watu wakapona. Mishna, katika sehemu ya Rosh Hashana, inauliza moja kwa moja: je, nyoka huyo ndiye aliyeua, au ndiye aliyehuisha? Inajibu kwamba Waisraeli walipotazama juu na kuiweka mioyo yao chini ya Baba yao aliye mbinguni walipona, na wasipofanya hivyo walidhoofika. Shaba haikuwa na kazi nyingine ila kuyainua macho.

Karne nyingi zikapita. Mwishoni mwa karne ya 8 KK akatawala Hezekia katika Yuda, na kitabu cha Wafalme wa Pili, sura ya 18, kinatueleza kwamba alimvunja nyoka yule vipande vipande, kwa maana hadi siku hizo wana wa Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Fikiri uzito wa tendo hilo. Mfalme aliharibu kazi ya mikono ya Musa, kitu ambacho pengine hakikuwa na mfano wake katika ufalme wote, na mtu yeyote angeweza kumwambia kwamba ameidharau amri ya Mungu. Lakini wahenga wa Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala yao juu ya Mishna, walipoyapima matendo sita ya Hezekia, waliyakubali matatu na kuyakataa matatu, na kumponda nyoka wa shaba ni miongoni mwa yale waliyomsifu kwayo.

Talmudi inaendelea kuuliza swali ambalo msomaji makini hawezi kuliepuka: Asa na Yehoshafati walikuwa wafalme wema, nao waliondoa sanamu katika nchi, inakuwaje wakamwacha nyoka yule? Jibu linalotolewa ni kwamba baba zake walimwachia Hezekia nafasi ya kujipatia sifa. Nalikubali jibu hilo, ila naona kwamba linatufunza pia jinsi macho ya watu wema yanavyoweza kupita juu ya kosa. Ashera na Baali, miungu ya Kanaani, hutambulika mara moja. Kitu kitakatifu kilichoharibika matumizi yake hakitambuliki upesi, kwa kuwa kila anayekiona hukumbuka asili yake njema na kunyamaza.

Ndiyo maana sheria yetu imeliwekea gombo la Torati heshima na mipaka kwa pamoja. Tunasimama linapopita, kwa hoja iliyomo katika Talmudi kwamba ikiwa tunawasimamia wanaoisoma Torati, sembuse Torati yenyewe. Lakini hatuliombi. Hakuna sala hata moja katika kitabu chetu cha sala inayoelekezwa kwa gombo. Linatolewa kabatini ili lifunguliwe, lisomwe kwa sauti, na lituamuru. Na likishasomwa linarudishwa. Kwa hesabu iliyopokewa lina herufi 304,805, na ikikosekana moja tu, gombo zima halifai kusomwa mbele ya mkutano mpaka litengenezwe, hata liwe limevikwa taji la namna gani. Likichakaa, linazikwa. Aidha, Talmudi inaruhusu gombo la Torati kuuzwa ili mtu apate kujifunza Torati au kuoa mke. Hilo la mwisho nakuomba ulitafakari kwa utulivu. Ni mwabudu sanamu gani angemuuza mungu wake ili kijana maskini apate kufunga ndoa? Raba, mmoja wa wakuu wa Talmudi ya Babeli, alikwenda mbali zaidi akawaita wajinga wale wanaolisimamia gombo lakini hawamsimamii mtu mkubwa wa elimu.

Kuhusu kusujudu tahadhari ni kali zaidi. Mambo ya Walawi 26:1 inakataza kuweka jiwe lililochorwa katika nchi ili kulisujudia, na wahenga walifahamu kwamba, nje ya Hekalu la Yerusalemu, Myahudi hasujudu kwa kulaza uso juu ya sakafu ya mawe, hata kama nia yake ni kwa Mungu peke yake. Siku ya Yom Kipuri, yaani Siku ya Upatanisho, waabuduo wanapoanguka kifudifudi, utawaona wengi wakitandika kitambaa au karatasi kati ya uso na sakafu. Vivyo hivyo tunapoelekea Yerusalemu katika sala, hatuuelekei ukuta kana kwamba Mungu amekaa ndani yake. Ukuta wa Magharibi ni sehemu ya kuta zilizoushikilia mlima wa Hekalu, nasi tunafuata sala ya Sulemani katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 8, ambaye siku ileile ya kuiweka wakfu nyumba alikiri kwamba mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba hiyo. Pompey, jemadari wa Kirumi, alipoingia kwa nguvu katika Patakatifu pa Patakatifu mwaka 63 KK, hakukuta sanamu yoyote, na jambo hilo likawashangaza Warumi kiasi cha kuandikwa na mwanahistoria wao Tacitus.

Sasa nije kwenye mezuza na mwanao. Ndani ya mezuza kuna kipande cha ngozi kilichoandikwa kwa mkono mafungu mawili ya Kumbukumbu la Torati, la kwanza likianza na maneno tunayoyakiri asubuhi na jioni: “Sikiza, Ee Israeli, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja.” Mahali pake palipoamriwa ni miimo ya mlango, na Rambam anaeleza kwamba kila mtu aingiapo na atokapo hukutana na umoja wa Jina la Mungu, akaukumbuka upendo wake na kuamka katika usingizi wake. Huyohuyo Rambam anawakemea vikali wanaoandika ndani yake majina ya malaika na mihuri, akisema kwamba wapumbavu hao hawakutosheka kuibatilisha amri, bali wameichukua amri kuu ya umoja wa Mungu, upendo wake na ibada yake, wakaifanya kana kwamba ni hirizi ya manufaa yao wenyewe.

Na kuhusu kitanda cha mtoto Rambam amesema wazi kana kwamba alilisikia swali lako. Mtu anayenong’ona juu ya jeraha huku akisoma aya ya Torati, au anayeweka gombo la Torati au tefilini, yaani visanduku vya ngozi vyenye maandiko vinavyovaliwa wakati wa sala, juu ya mtoto ili apate usingizi, anamhesabu si tu pamoja na wapiga ramli na waganga, bali pamoja na wanaoikana Torati, kwa kuwa wameyafanya maneno yake dawa ya mwili ilhali ni dawa ya nafsi. Wapo wanazuoni, hasa wa njia ya Kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi, wanaousisitiza zaidi ulinzi unaoambatana na mezuza, na Talmudi yenyewe inasema kwamba mfalme wa kibinadamu huketi ndani watumishi wake wakimlinda nje, ilhali watumishi wa Mungu huketi ndani naye akawalinda kutoka nje. Lakini angalia ni nani anayelinda katika maneno hayo. Ngozi na wino havilindi mtu, na mezuza iliyoondolewa mlangoni ikatundikwa kitandani haitimizi amri yoyote. Rafiki yako, nina hakika, alisema kwa huruma. Lakini alichokupendekezea ndicho walichokifanya wale waliomfukizia uvumba nyoka wa shaba, nao pia huenda walikuwa na watoto wagonjwa.

Basi fanya hivi. Mpeleke mtoto hospitali na umtibu bila kusitasita, kwa maana wahenga walijifunza kutoka kitabu cha Kutoka 21:19 kwamba tabibu amepewa ruhusa ya kutibu. Msomee zaburi ukitaka, si kwa kuzinong’ona juu ya mwili wake, bali kwa kumwomba Mungu. Katika sinagogi, gombo likipita karibu nawe, inatosha usimame. Wewe bado unajifunza, na hakuna atakayekudai busu ambalo moyo wako haujaridhika nalo. Kisha, wakati wa usomaji wa Torati, mwendee msimamizi wa ibada umpe jina la mwanao pamoja na jina la mama yake, kwa sababu ndivyo wagonjwa wanavyotajwa katika dua inayosomwa hapo kwa ajili yao, nayo inaelekezwa kwa Mungu aliyewabariki Ibrahimu, Isaka na Yakobo.