Seli B zikiwa "juu" kwenye karatasi ya maabara, je, ndizo zinazoharibu mimba?

SWALI: Daktari, nina miaka 33. Mimba mbili zimeharibika kabla ya wiki ya kumi. Kwenye kituo kimoja nilipimwa damu nikaambiwa seli B zangu zenye alama ya CD5 ziko juu, na kwamba ndizo zinazoshambulia mbegu za mume wangu na mimba zenyewe. Nimeandikiwa prednisoloni ya kushusha kinga, dripu ya mafuta, na kutumia kondomu miezi sita ili mwili "usahau" shahawa. Mume wangu amesoma kwamba shahawa yenyewe hushusha kinga ya mwanamke, hivyo haelewi kwa nini tuizuie. Nani mkweli? Vidonge nimevimeza wiki ya tano sasa.

JIBU: Pole sana, dada, kwa mimba ulizopoteza. Karatasi kama yako naletewa kila mara, na kila mara mstari uliozungushiwa kalamu nyekundu ni uleule. Mstari huo hausemi kwamba mwili wako unashambulia chochote.

Seli B ni seli nyeupe za damu za ukoo unaotengeneza kingamwili, na CD5 ni alama tu iliyo juu ya seli. Kwa panya iliwasaidia watafiti kulitambua kundi la seli B-1, ambazo hukaa zaidi kwenye uwazi wa tumbo na wa kifua na kutoa kingamwili za aina ya IgM hata kabla ya ugonjwa, bila kungoja msaada wa seli T, yaani seli nyeupe nyingine zinazosaidia kuongoza kinga. Kwa binadamu mambo hayako hivyo. Seli B changa iliyotoka juzi kwenye uboho hubeba CD5. Seli B iliyoamshwa na mafua inaweza kuivaa pia. Na baya zaidi kwa wauza vipimo, miongoni mwa seli B zenye CD5 zimo zinazotoa IL-10, kemikali ya ujumbe wa kinga, yaani zile ambazo kazi yao ni kutuliza kinga. Sasa namba yako ikipanda, zimepanda zipi? Aliyekuandikia dawa hajui, kwa sababu kipimo alichotumia hakina uwezo wa kumwambia.

Hili la kudhani kwamba seli B ni seli B tu ndilo linalonichosha. Zilizo pembezoni mwa vifundo vyeupe vya wengu hushughulika hasa na bakteria wenye ganda la sukari wanaopita kwenye damu, ndiyo maana mtu aliyeondolewa wengu huchanjwa dhidi ya nimokoka, bakteria wa aina hiyo. Zile za kwenye vifundo vya tezi za limfu hushirikiana na seli T, hurekebisha kingamwili zao mpaka zishike adui barabara, kisha baadhi hubaki kama kumbukumbu na nyingine hugeuka seli za plazima. Hizi za mwisho ndizo mafundi wa kumwaga kingamwili kwa wingi, na zinazodumu miaka mingi makao yao makuu ni kwenye uboho, si kwenye mshipa wa mkono uliochomwa sindano. Damu inayozunguka ina takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti (seli nyeupe za jamii ya B na T) zote za mwili.

Ushahidi uko wazi kwa wagonjwa wanaopewa rituksimabu. Dawa hiyo hufuta seli B kwenye damu kwa miezi, ilhali kingamwili zao za chanjo za zamani, kama ya pepopunda, kwa kiasi kikubwa hubaki palepale, kwa kuwa seli za plazima hazina alama ya CD20 inayolengwa na dawa. Hivyo mtu anaweza kuwa na seli B sifuri kwenye karatasi na kingamwili tele mwilini. Na kinyume chake pia.

Kama kweli mtu anashuku kingamwili dhidi ya mbegu, kuna kipimo chake, na mara nyingi hufanywa kwenye shahawa ya mwanamume: hutazamwa kama mbegu zimegandwa na kingamwili. Wanaume wengi waliofunga uzazi huwa nazo. Zikiwa nyingi zinaweza kuchelewesha mimba kutunga. Ushahidi kwamba zinaharibu mimba iliyokwisha kutunga ni dhaifu.

Mumeo ameshika nusu ya ukweli. Majimaji ya shahawa, bila mbegu zenyewe, yana TGF-beta nyingi na prostaglandini za aina ya E, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli. Ukiyamimina kwenye limfosaiti maabara, seli hupunguza kuzaliana. Lakini majaribio kadhaa ya zamani yalikuwa na kasoro: seli zilikuzwa kwenye seramu ya ndama, ambayo ina kimeng'enya kinachogeuza spermini, kemikali ya asili ya shahawa, kuwa sumu. Sehemu ya kilichoitwa "kushusha kinga" ilikuwa seli kuuawa na mchanganyiko wa kwenye sahani.

Mwilini, saa chache baada ya tendo, seli nyeupe humiminika kwenye mlango wa kizazi. Huo ni mwamko, tena wenye dalili zote za uvimbe mdogo. Utulivu hufuata, kupitia seli T za kutuliza zinazozoea alama za baba. TGF-beta hiyohiyo inayosemwa kuzima kinga ndiyo inayoamuru seli B zigeukie kutengeneza kingamwili za aina ya IgA. Na wapo wanawake wachache wanaopata mzio wa shahawa, mara nyingi kwa protini ya PSA itokayo kwenye tezi dume, kwa kingamwili za IgE, zile za mzio, zilizotoka kwenye ukoo wa seli B. Kama shahawa ingezima kinga, mzio huo ungetoka wapi?

Kinga si maji ya tangi yanayopanda na kushuka kwa pamoja. Kinachotokea kwenye mlango wa kizazi hakikufanyi uwe dhaifu mwili mzima, wala hakikulindi na maambukizi. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba vipande vya protini vya shahawa hujisuka kuwa nyuzi zinazorahisisha VVU kuingia kwenye seli. Kondomu ina kazi yake hapo. Lakini kuitumia ili mwili "usahau" mbegu ni wazo la miaka ya 1960 ambalo halijapata ushahidi wa maana, na wanawake waliokutana na shahawa ya mwenzi kwa muda mfupi kabla ya mimba wameonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya presha ya ujauzito inayotangulia kifafa cha mimba. Mmeambiwa mfanye kinyume.

Wasomaji wengine wanisikie pia. Yeyote anayeuza "kushusha kinga" au "kupandisha kinga" bila kutaja kinga ipi, dhidi ya nini, na kwa kipimo kipi, anauza maneno. Kuna waliochoma wanawake limfosaiti za waume zao. Jaribio lililochapishwa mwaka 1999 halikuonyesha faida, bali dalili za mimba zaidi kupotea, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ikazuia tiba hiyo nje ya utafiti. Leo sindano imebadilishwa kuwa dripu ya mafuta, na biashara inaendelea. Prednisoloni nayo hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na hufungulia mlango maambukizi. Si dawa ya kubahatisha.

Kwako wewe, omba kipimo cha kingamwili dhidi ya fosfolipidi (mafuta ya kwenye kuta za seli), kirudiwe baada ya angalau wiki 12. Hizo ni kingamwili zinazojulikana kuharibu mimba, na zikithibitishwa pamoja na historia inayolingana zina tiba: aspirini ya dozi ndogo na heparini. Idadi ya seli B haiwezi kuzifichua. Pima pia tezi ya shingo (thairoidi) na umbo la mji wa mimba. Na ujue kwamba karibu nusu ya mimba changa zinazoharibika huwa na hitilafu ya kromosomu, bila kosa la kinga ya mtu yeyote.

Prednisoloni usiiache ghafla. Baada ya wiki tano, tezi zilizo juu ya figo huenda zimelegea kutengeneza homoni ya asili ya aina hiyo. Daktari akupunguzie dozi hatua kwa hatua. Dripu na kondomu za "kusahau" unaweza kuziacha leo.