Saa tisa ya bosi na 15:00 ya kompyuta: kwa katibu muhtasi anayeanza kazi

Mwaka wangu wa kwanza kama katibu muhtasi hapa Dar es Salaam, mkurugenzi alipita mezani kwangu akiwa na haraka, akasema, "Waite wale wafadhili Alhamisi, saa tisa." Nikafungua kalenda kwenye kompyuta, nikaandika 9:00, nikatuma. Mialiko ilikwenda kwa watu sita. Alhamisi asubuhi, saa tatu kamili, wageni wanne walikuwa wamekaa mapokezi na mafaili yao magotini, mkurugenzi yuko Kibaha na simu yake haipatikani. Niliwaandalia chai, nikawaomba radhi, nikawaomba warudi mchana. Wawili hawakurudi.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kosa hili ndilo ninaloliona kwa kila mdogo wangu anayeletwa kwangu kujifunza. Programu hizi, iwe Outlook, Kalenda ya Google au ile iliyokuja na simu, huianza siku saa sita usiku. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Bosi atakutajia saa kwa Kiswahili hata kama barua zake zote anaandika kwa Kiingereza, na wewe ndiye mkalimani kati yake na mashine.

Kwa hiyo siku ya kwanza ingia kwenye mipangilio, uweke saa 24. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita: saa tisa mchana ni 15:00. Saa moja hadi saa tano usiku, ongeza kumi na nane: saa mbili usiku ni 20:00. Saa sita usiku ni 0:00, na kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, toa sita. Halafu andika saa ya Kiswahili kwenye kichwa cha miadi yenyewe: "Kikao cha wafadhili, saa tisa mchana." Kichwa kikisema tisa mchana huku miadi imekaa kwenye 9:00, jicho litakataa kabla hujatuma. Na usione haya kurudia kwa sauti: "Saa tisa mchana, Mkurugenzi?" Sijawahi kuona bosi aliyekasirishwa na swali hilo.

Usiku una mtego wake, nao unaumiza zaidi kwa sababu mara nyingi unahusu ndege. Tuseme tiketi inasoma tarehe 12, 03:30. Kwetu hiyo ni saa tisa na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 12, na msafiri anatakiwa atoke nyumbani tarehe 11. Wazee wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" wanamaanisha usiku unaotangulia Ijumaa. Vijana wengi wa leo wakisema "Ijumaa usiku" wanamaanisha ule unaofuata. Ukimweka bosi mzee na dereva kijana kwenye safari moja, usikubali neno "usiku" bila tarehe. Mimi naandika ndege mara mbili: kuondoka nyumbani, tarehe 11, 23:30, jina la dereva ndani yake, kisha safari yenyewe, tarehe 12. Dereva akiona cha kwanza, cha pili hakimhusu.

Kama ofisi yako ina washirika nje, jifunze saa za nchi zao kabla hazijakusumbua. Saa yetu haibadiliki mwaka mzima: ni UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, sawa na Nairobi na Kampala. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, Kinshasa kwa saa mbili, na Muscat na Dubai wako mbele kwa saa moja. Hao wote wametulia. Wanaohama ni wengine: Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Tulikuwa na kikao cha kila Jumatatu na watu wa London. Waliokipanga ni wao, saa saba mchana kwa saa za London, yaani 13:00, ambayo majira ya baridi ni 16:00 kwetu, saa kumi jioni. Kila Jumatatu saa tisa nami nilikuwa nimeweka kikao cha idara. Ikaja Jumatatu ya kwanza baada ya mabadiliko ya Machi, kikao cha London kikasogea chenyewe hadi 15:00, kikakaa juu ya kile cha idara. Kalenda haikukosea. Miadi inayojirudia hufuata saa za eneo ilikopangwa, na mimi sikuwa nimeangalia ilipangwa wapi. Siku hizi kikao chochote kinachojirudia na watu wa nje nakifungua, naangalia kimefungwa kwenye saa za mji gani, kisha nasogea mbele hadi Aprili na Novemba kuona kitaangukia wapi. Weka pia saa za eneo la pili pembeni mwa kalenda; Outlook na Google zote zina sehemu hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Watu watakuletea vikao. Hakuna atakayekuletea barabara. Bosi anatoka Posta saa nne kwenye kikao, saa nne na nusu anatakiwa awe Mlimani City, na kwenye kalenda vinaonekana vimepangana vizuri kama vyombo kabatini. Kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi mambo si hivyo. Safari iandike kama miadi kamili, yenye mwanzo na mwisho, ionekane imejaa ili mtu mwingine asiichukue. Ukumbusho nao urekebishe. Outlook isipoguswa hukumbusha dakika 15 kabla, na dakika 15 zinafaa kwa kikao kilicho ghorofa ya juu, si kwa kilicho upande wa pili wa jiji. Kwa vikao vya nje mimi naweka saa moja na nusu.

Na yako mengine yasiyoletwa na mtu. Swala ya Ijumaa, kama bosi anaswali, iweke kila wiki bila kungoja aombe. Mwezi wa Ramadhani usiruhusu kikao kinachoisha saa kumi na mbili jioni. Watu wanataka wafuturu nyumbani. Idi usiinakili kutoka kalenda ya mwaka jana, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, na siku yenyewe inangoja kuandama kwa mwezi. Zuia siku zote mbili, ukishajua ipi, ifungue nyingine. Kama ofisi yenu inahusika na serikali, Aprili hadi Juni ni Bunge la bajeti Dodoma, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Miezi hiyo usimjaze bosi. Anaweza kuitwa jioni aripoti huko asubuhi. Tangu treni ya SGR ilipofika Dodoma mwaka 2024 kwenda kumekuwa kwepesi, lakini siku ya Dodoma bado ni siku nzima.

Muda wa kusoma nao ni miadi. Bosi akienda kwenye bodi bila saa moja ya kupitia makabrasha, aibu itamkuta yeye, lakini nafasi ya kuizuia ilikuwa mezani kwako.

Kuhusu kalenda ngapi, jibu ni moja. Ofisi niliyofanyia kazi awali ilikuwa na dayari ya mezani, kalenda ya kompyuta na vikaratasi mfukoni mwa bosi, na kila kimoja kilikuwa na siku yake. Kaa na bosi mapema, mkubaliane kwa heshima: akiahidi mtu kwenye korido, amwambie "Katibu wangu atakuthibitishia," kisha akujulishe. Miadi ambayo haijathibitishwa iandike hivyo hivyo na alama ya kuuliza mbele, usiibebe kichwani. Wageni uwatumie mwaliko wenyewe wa kalenda, usiishie kwenye ujumbe wa WhatsApp; mwaliko uliotumwa kutoka Outlook utafunguka kwa anayetumia Google, kwa kuwa programu hizi zinafuata utaratibu mmoja wa kubadilishana miadi.

Na tafadhali, linda siri. Kalenda ya bosi huonwa na wengi ofisini. Hospitali, msiba wa nyumbani, kikao cha nidhamu cha mtumishi: vyote viwekwe faragha, wengine waone tu kwamba ana shughuli. Niliwahi kukuta neno "kliniki" likizungumzwa kantini kwa sababu ya katibu mmoja kuliandika wazi, na liliniuma kama ndugu yangu ndiye aliyesemwa.

Saa kumi kila jioni nafungua siku ya kesho, naisoma kutoka juu hadi chini kama mtu atakayeiishi: anatoka wapi, anakula saa ngapi, nani anamngoja. Kisha nachapa ukurasa mmoja nampa dereva, maana simu huisha chaji na bando huisha. Juzi aliusoma akiwa bado amesimama mlangoni, akasema, "Dada, hapa Mwenge kesho asubuhi wanachimba barabara." Nikarudi kwenye kompyuta, nikaiweka safari mapema zaidi kwa dakika 40, nikachapa upya.